Samaki wa Gavana Harlan Tveit

Ndugu waombolezaji, Harlan Tveit alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake hapa Ostby, akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Orrin. Alimaliza masomo Shule ya Sekondari Ostby mwaka 1959, akarithi shamba, na tarehe 12 Juni 1965 akafunga ndoa na Marlys Bakke katika kanisa hilihili, wakajaliwa watoto wawili, Joanne na Curtis.

Mwaka 1982 alichaguliwa gavana, na mwaka 1986 akaomba kura tena. Jumamosi ya tarehe 17 Mei, siku ya kufungua msimu wa uvuvi, aliingia ziwani na Orrin, wawili tu katika mashua, na kwa kuwa gavana akirudi mikono mitupu siku hiyo huchekwa mwaka mzima, alikuwa ameficha samaki wa friza ya nyumbani, akamchovya majini na kumwinua mbele ya kamera za magazeti zilizokuwa ufukweni. Kufikia Jumatatu, kila alikokwenda alipokewa kwa kelele, "Gavana, na njegere za friza zinauma ndoano?" na tarehe 4 Novemba akashindwa.

Aliamini Orrin ndiye aliyemuuza kwa kutoboa siri. Marlys alimwambia, "Harlan, yule samaki nilimgandisha mimi ndani ya ndoo, kapinda kama ndoo yenyewe, nani hapa hajui hilo?" naye akajibu, "Wewe naye wamekununua?" Tangu hapo Orrin hakukanyaga kwake, mchungaji aliulizwa ametumwa na nani, wageni walichunguzwa mlangoni, na Marlys akazoea kunywa kahawa na mtu anayesikiliza hatua za nje.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2010. Siku moja kabla ya kufariki aliomba picha ile ya gazeti, akaishika karibu na macho, akasema, "Kweli kapinda. Mwite Orrin." Theluji ilikuwa imefunga barabara, na Orrin alipofika asubuhi ya tarehe 3 Januari 2011, kaka yake alikuwa ameshakata roho.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi aliyevumilia kupekuliwa mkoba, majirani waliozoa theluji na kuleta chakula, na wote waliofanya naye kazi. Maziko yatakuwa mwezi Mei, ardhi iliyoganda kwa baridi ikiyeyuka.

Orrin, Marlys anakuomba utoke huko nyuma, uje ukae mbele na familia.

Harlan, pumzika sasa, mlangoni hakuna mbaya wako.