Vikombe Kumi na Kimoja vya Kahawa

Mheshimiwa Orrin Haldeman, mwakilishi wetu katika Bunge la Jimbo kwa miaka ishirini na miwili, ambaye leo tunakuaga baada ya sisi wenyewe kukuondoa, Bi Lucille, mke wake, uliyemvumilia muda mrefu kuliko sisi, Mheshimiwa Mteule Trent Boswick, uliyemshinda mwezi Agosti kwa kura kumi na tisa na bado ukaona vema kuja kula naye, Mchungaji Amstutz, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa chama wilayani, uliyenipa dakika kumi na kuniomba nisiguse siasa katika sherehe ya kumuaga mwanasiasa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi nyote wa Plum Fork mlioingia ukumbini kwa kufuata harufu ya mdalasini: habari za jioni.

Kama nimemruka mtu katika salamu, anivumilie. Nitamrudia.

Mnanijua. Mimi ni Nadine Tolliver, mpishi mkuu wa shule hii kwa miaka thelathini na minne, na hakuna aliyekulia hapa ambaye sijampakulia. Kamati ya maandalizi haikunifikiria mimi kwanza. Ilimwomba mtu wa kwanza, akapata mafua. Ikamwomba wa pili, akapata safari. Wa tatu alisema kwamba yeye hawezi kuzungumza mbele ya watu, na huyo, kama mnavyofahamu, ni dalali wa mnada wa ng'ombe. Basi nikabaki mimi, na nashukuru kwa heshima hiyo. Kahawa italetwa nikimaliza, kwa sababu anayeichemsha ni mimi.

Nimeagizwa nieleze rekodi ya Mheshimiwa Haldeman. Nimeisoma yote katika maktaba ya wilaya, na naweza kuwaambia kwamba ina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni vocha za shule. Mara tisa katika miaka yake bungeni uliletwa muswada wa kuchota fedha za kodi kutoka shule za umma na kumpa mzazi hati ya kumlipia mwanawe shule ya binafsi. Mara zote tisa Mheshimiwa Haldeman alikuwapo, akiwa macho, na mara zote tisa alisema hapana. Mara ya mwisho alisimama akawaambia wenzake hivi: "Waheshimiwa, shule ya binafsi iliyo karibu nasi iko maili sitini na nne. Mkimpa mtoto wa Plum Fork vocha, ataishika mkononi, atasimama barabarani, na mbele yake ataona mtama mpaka macho yachoke. Vocha ya kwenda wapi?" Akaketi. Swali lilikuwa la jiografia, si la siasa.

Je, alikuwa amekosea? Jirani zetu wa Harlan Center walikuwa na shule. Ilipofungwa, duka lilidumu miaka miwili, posta mitatu, na sasa Mchungaji Amstutz huenda kule mara moja kwa mwezi kuhubiria watu tisa na mbwa. Mheshimiwa aliliona hilo, akalikataa kwa niaba yetu, na kwa hilo nampongeza bila kuongeza chumvi.

Sehemu ya pili ya rekodi yake ni haki za wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, ambazo sisi wa Plum Fork huziita "mambo yale", na tunashusha sauti hata tukiwa peke yetu garini. Iliyohusu mambo yale ilikuwa miswada kumi na mmoja. Ulikuwapo wa vyoo, nani aingie kipi, wa michezo, wa vitabu, na wa majina, wa kumkataza mwalimu kumwita mtoto jina jipya alilojichagulia. Na katika yote kumi na mmoja, kura ilipokaribia, Mheshimiwa Haldeman alihisi kiu. Alichukua chupa yake ya kijani ya kahawa, akatoka taratibu, akarudi mambo yamekwisha. Daftari likaandika: hayupo. Kwenye vocha, ndugu zangu, hakuwahi kuona kiu hata siku moja.

Hili lilimwezesha kuishi vizuri na kila mtu. Kwa upande mmoja aliweza kusema, "Mimi sijapiga kura ya kumuumiza mtu." Kwa upande wa pili aliweza kusema, "Mimi sijapiga kura ya kuwatetea." Kote alikuwa mkweli. Miswada saba kati ya hiyo ilipita. Baada ya ule wa majina, familia ya Ostrander, ambao mtoto wao mkubwa mnamkumbuka, walihama katika wiki moja. Walisema ni kwa sababu ya kazi. Sisi tukasema, ah, kazi. Tuliwaandalia keki ya kuwaaga, na keki hiyo niliioka mimi.

Ukaja muswada wa kumi na mbili, Februari mwaka huu. Huo ulisema kwamba mwalimu asitaje wala kuonyesha shuleni ndoa yoyote isiyokuwa ya mume na mke. Binti yangu Joellen ndiye mwalimu wenu wa muziki. Alikuta bendi ya watoto sita. Sasa wako arobaini na mmoja, katika shule ya watoto mia moja na kumi na wawili, yaani karibu kila mtoto mwenye pumzi ya kutosha. Juu ya meza yake ana picha ya harusi iliyopigwa ziwani siku ya upepo. Picha hiyo ina watu wawili. Mmoja ni Joellen.

Siku ya Jumatatu ya juma lile tulikuwa tumepika chili, na Mheshimiwa, kama ilivyo desturi yake siku za chili, aliingia kwa mlango wa nyuma wa jikoni. Hapa kwetu bakuli la maharage na nyama ya kusaga haliliwi bila mkate wa mdalasini wenye sukari juu. Watu wa mwambao wakisikia hivyo hukunja uso, na tunawaacha wakunje. Akakaa juu ya ndoo ya mafuta.

"Nadine, harufu imenivuta toka barabara kuu."

"Kula. Jumatano kuna nini?"

"Nani kakwambia kuna kitu?"

"Orrin, umekula bakuli moja tu."

Akakoroga chili yake. "Kamati ya Elimu. Ule wa walimu na picha."

"Mko wangapi?"

"Kumi na wanne. Saba wanautaka, sita hawautaki."

"Na wewe?"

Akaninyooshea chupa ya kijani bila kunitazama. "Mimi naomba unijazie."

Nikaichukua, nikaiweka kwenye sinki. "Imevuja hii."

"Haijavuja, Nadine."

"Inavuja toka mwaka ule wa vyoo. Kiu ikikushika, kanywe Alhamisi."

"Wataninyonga, mama. Jamaa wa vocha wananitafutia sababu mwaka wa tisa huu. Nikikaa pale, nimewapa."

"Najua."

"Unajua, halafu unaniambia nikae?"

"Joellen anawafundisha wajukuu zako tarumbeta, bwana wewe. Kaa kwenye kiti!"

Nilimfungia mikate ya mdalasini kumi na miwili kwenye sanduku, akaondoka bila kuaga. Siku ya Jumatano niliitazama kamati kwenye simu yangu, nikiwa nimejificha kwenye chumba cha baridi pamoja na maziwa. Niliona kura ikikaribia, na Mheshimiwa Haldeman akibaki kitini, anakula mkate wangu wa mdalasini. Karani akaita jina lake, naye akajibu kitu mdomo ukiwa umejaa. Karani akamwomba arudie. Akameza. Akajifuta sukari kwenye tai. Akasema, "Hapana," kwa sauti ambayo hata mimi kwenye maziwa niliisikia. Saba kwa saba, na kamati ikitoka sare muswada unazikwa. Nililia, siwafichi. Nililia juu ya maziwa ya chakula cha watoto, na mkaguzi wa afya kama yumo humu anisamehe.

Vikaratasi vya kampeni ya kumpinga vikaanza Julai. Kumi na vinne katika wiki tatu, vya kung'aa, kila sanduku la posta. Vilitumwa na watu wa vocha, kutoka ofisi iliyo katika mji ambao wengi wetu hatujawahi kufika, na katika vyote kumi na vinne neno vocha halimo. Kilichomo ni picha ya Mheshimiwa akiwa amezungukwa na watoto, juu yao nguo kubwa ya rangi zote za upinde wa mvua, kama ile bendera ya mambo yale, na chini maneno: Orrin Haldeman anawaficha nini watoto wetu?

Ndugu wageni waalikwa, nguo hiyo imetundikwa nyuma yangu. Geuzeni macho muione. Ni turubai la michezo la shule hii, lile ambalo watoto hulishika ukingoni wakalirusha juu na kukimbilia chini yake. Lilinunuliwa na akina mama wa kanisa kwa kuuza keki. Kiraka kile cha buluu, chenye uzi mwekundu kwa sababu wa buluu uliniishia, nilikishona mimi, na kwenye kikaratasi kinaonekana vizuri kuliko pua ya Orrin. Kila mmoja humu amecheza chini ya turubai hili au ana mtoto aliyecheza. Na bado dada mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu ameleta saladi ya viazi, alinionyesha kikaratasi dukani akaniuliza: "Hivi Nadine, Orrin alifuata nini kwenye yale maandamano?"

Nikamwambia, "Maandamano? Dada, huyo mtoto anayelia pembeni ni wako."

Akakitazama tena. Akasema, "Ehee, kumbe." Halafu akaenda akapiga kura vilevile.

Mheshimiwa Boswick, wewe sikulaumu. Hukutuficha. Vocha zimo katika ilani yako, ukurasa wa nne, kwa maandishi ambayo mwenye miwani mizuri anaweza kuyasoma. Tumekuchagua kwa sababu ya turubai, na Januari utakwenda kupiga kura ya vocha. Umeahidi pia kuurudisha ule muswada wa walimu. Joellen naye ana barua ya shule ya mjini inayomtaka, na jibu linatakiwa Ijumaa. Leo ni Jumanne. Hivyo ndivyo tulivyofika hapa tulipo, na chili inapoa.

Lakini haitakuwa haki nisome rekodi ya mwenzangu nikaifunika yangu.

Siku ya kura mwezi Agosti niliendesha gari mpaka kanisani, nikaegesha karibu kabisa na mlango. Kupitia dirishani niliwaona walioketi kwenye meza ya karatasi za kura. Ni majirani zangu, watu wema. Nilijua wataniuliza, "Joellen hajambo? Na yule mwenzake je?" kwa ile sauti ya mambo yale. Chupa ya kijani ilikuwa garini mwangu, maana tangu Februari mwenyewe hakuifuata. Nilikuwa nimeijaza kahawa. Nikamimina kikombe, nikanywa. Nikamimina cha pili. Nilipoimaliza, niliwasha gari nikarudi nyumbani.

Orrin, nilikuambia ukae kwenye kiti. Ulikaa, na kikakugharimu kazi, na mimi niliyekuambia sikuweza kutembea hatua kumi. Najua kura yangu isingekuokoa. Kumi na tisa zingekuwa kumi na nane, na tungekuaga leo kwa chili hii hii. Lakini daftari lingeandika kwamba nilikuwapo. Naona aibu, na nimeona afadhali niione mbele yenu wote kuliko peke yangu. Chupa yako hii hapa, nimeiosha. Haikuwa imevuja. Nilikudanganya.

Sasa, nilisema nikimruka mtu katika salamu nitamrudia. Nimemruka mmoja, na sikumsahau.

Ameketi meza ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea, kwa sababu huko ndiko tumemzoesha kukaa. Ni Daktari Marit Solheim. Amewatibu ng'ombe wenu miaka sita, na wenye namba yake ya simu humu ni wengi kuliko wenye yangu. Kwa miaka hiyo sita, kanisani, dukani, na katika ukumbi huu, nimekuwa nikimtambulisha kama mwenzake Joellen anayechangia kodi ya nyumba. Nyumba yenyewe wameinunua. Yeye ndiye mtu wa pili katika picha ile. Kila nilipomtambulisha hivyo alitabasamu akanipa mkono, na kila mara mimi nilikuwa nimetoka nje kunywa kahawa.

Kwa hiyo naomba salamu zangu zirekebishwe. Mheshimiwa Haldeman, Bi Lucille, Mheshimiwa Mteule, Mchungaji, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti, ndugu wageni waalikwa. Na Daktari Marit Solheim, mke wa binti yangu, mkwe wangu. Simama, mwanangu, wakuone.

Joellen, barua nimeiona juu ya friji. Sitakuomba ubaki, hilo ni lako na la mkeo. Nakuomba tu ujue kwamba Januari kamati itakapokutana, raia hupewa dakika tatu za kusema, na jina langu nimekwisha kuliandikisha. Mheshimiwa Boswick, nitakuwa safu ya mbele, nami nitakuletea mikate ya mdalasini, kumi na miwili. Kahawa sitakuletea.

Mwenyekiti, naona nimezidisha dakika mbili na siasa kiasi. Nawaona pia wale wawili walionyanyuka katikati kwenda jikoni. Rudini tu, birika bado ni tupu. Chili ipo, mikate ipo, na kahawa naenda kuibandika sasa hivi. Ninyi wengine, asanteni sana kwa kukaa kwenye viti vyenu mpaka mwisho.