Vidole Viwili vya Udongo

Benchi la pale kona lina miguu mitatu na jiwe, na limewekwa mbele ya kibanda cha Kinyozi, mahali ambapo ukikaa huoni kitu kingine ila kigongo. Barabara ya mtaa ule haina lami. Mvua imeichimba kushoto na kulia, magurudumu yakamalizia kazi, na katikati pakabaki kigongo kirefu cha udongo mgumu. Kila alasiri wanakaa pale watu watatu, magoti yakitazama kigongo hicho, wanakunywa kahawa ya Mama Birika na kuitengeneza dunia. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye wateja wamemkimbia kwa sababu ananyoa huku akibishana. Kuna Injinia, fundi wa redio ambaye uinjinia hajausomea hata kwa bahati mbaya. Na kuna Faili, karani mstaafu, anayeongea kama anasoma barua ya serikali.

Siku hiyo hawakuwa na haja ya kutafuta la kusema, lilikuwa hatua kumi tu kutoka benchini. Geti la Dereva, jirani anayekunywa nao kila siku, lilikuwa wazi, na uani gari lake kuukuu la forwili lilikuwa juu ya stendi za chuma, magurudumu yametolewa. Hii ilikuwa siku ya pili ya kuliinua. Mbele alishafunga springi ndefu na shokapu zake mpya, kwa hiyo gari lilikuwa limenyanyua pua kama mtu aliyetukanwa, nyuma bado. Kazi yote aliifanya peke yake. Alisawazisha ardhi kwa jembe ili jeki isiyumbe, akalala chali chini ya tumbo la gari, akapambana na nati zilizoshikwa na kutu mpaka vidole vikachubuka. Alitaka gari likanyage chini kabla jua halijazama, maana kesho yake alikuwa anakwenda kumrudisha mkewe kutoka kwao.

Alitoka kupumua, akakaa pembeni mwa benchi. Mama Birika akammiminia kabla hajaomba.

— Umeliinua ngapi? aliuliza Kinyozi.

— Inchi mbili.

— Mbili? Hiyo si kuinua, hiyo ni kulishtua. Weka sita! Weka na matairi ya trekta. Ukipita hapo kigongo kikupigie saluti.

— Likipanda sana linapinduka kwenye kona, alisema Dereva.

— Basi usikate kona. Nenda moja kwa moja.

Injinia akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari aliyeletewa mgonjwa na waganga wa kienyeji.

— Springi mnazisingizia bure. Chini ya kigongo hiki kuna madini. Gari ni chuma. Linavutwa!

— Mbona baiskeli zinapita? aliuliza Kinyozi.

— Baiskeli ni nyepesi. Sumaku inaidharau.

Faili akaweka kikombe chini, akanyoosha suruali.

— Kwa uchunguzi wangu wa muda mrefu, kigongo hiki kinakua. Ardhi inavimba, waungwana. Mwaka juzi kilinifika kwenye kifundo cha mguu, leo kinakaribia goti. Kwa mwendo huo, Dereva atalazimika kuongeza springi kila mwaka.

— Kigongo hakijakua, mzee, alisema Kinyozi. Wewe ndiye unayepungua.

Walicheka. Dereva hakucheka. Alikuwa akitazama mahali pamoja katikati ya kigongo, palipokwanguka na kubaki na alama nyeusi ya oili. Miezi mitatu ilikuwa imepita na ile alama haikutaka kufutika.

— Halafu siku ile, alisema Kinyozi akijipigia paja, mimi si nilikwambia ukate usukani kulia?

Hapo Mama Birika akamtupia jicho kali, lakini mdomo wa Kinyozi ulikuwa umeshatoka mbio.

— Kulia wapi? alidakia Injinia. Mimi nilisema arudi nyuma kwa nguvu. Angerudi nyuma!

— Kumbukumbu zangu zinaonyesha kwamba mimi nilishauri apunguze upepo kwenye matairi, alisema Faili.

Ni kweli, wote walishauri. Ilikuwa saa nane mchana, mvua inamwagika, na mkewe alikuwa kiti cha nyuma na mimba ya miezi saba, ameanza kutokwa na damu. Gari likakaa kwa tumbo juu ya kigongo, magurudumu yakazunguka hewani na kwenye tope. Dereva aliwaita. Wao walikuwa wamejibanza barazani kwa Kinyozi, vikombe mkononi, wakapaza sauti. Kata kulia! Rudi! Toa upepo! Na yeye, kwa kuchanganyikiwa, akafuata kila neno. Akakata, akarudi, akachuchumaa kwenye maji kutoa upepo, na kila alilofanya likazidi kulizamisha. Aliyeingia mvuani ni Mama Birika peke yake, akasimama dirishani na mwavuli amemshika mgonjwa mkono. Wanaume walikuja kusukuma mvua ilipokatika. Gari lilitoka kwa msukumo mmoja.

Mtoto hakufika. Mkewe alitoka hospitali akapitiliza kwao. Alisema neno moja tu kwa simu, kwamba gari lile hapandi tena, na mtaa ule hataki kuuona. Dereva akaingia chini ya gari, akapima kwa mkono wake pale tumbo lilipokwama. Lilizidiwa na udongo kwa unene wa vidole viwili. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine: aliinue, amwendee, amwonyeshe.

— Ungenisikiliza mimi tu, alisema Kinyozi, usingemsikiliza na huyu...

— Mimi? aliruka Injinia. Wewe ndiye uliyemchanganya!

Faili akakohoa, akainua kidole.

— Tusigombane. Wahenga walisema...

— Wahenga walikuwa na mke garini? aliuliza Dereva.

Kidole cha Faili kikashuka chenyewe. Dereva akakiweka kikombe chake chini.

— Kila siku nakaa hapa na ninyi, alisema. Nakunywa na ninyi. Mnajua nikiwatazama naona nini? Naona vikombe. Siku ile hamkuviweka hata chini.

Injinia alikuwa anatafuta kitu chini ya kiatu chake.

Ndipo akaja mtu kwa miguu kutoka upande wa stendi ya mabasi, kijana mrefu mwenye begi tupu limekunjwa kwapani. Dereva alimjua kwa mwendo. Akainuka haraka akijifuta mikono kwenye suruali.

— Shemeji! Karibu, karibu. Mbona hukusema? Mimi kesho nilikuwa nakuja huko. Ona, nimeshaliinua mbele, imebaki nyuma tu. Dada yako atapita hapa kama anapita ukumbini.

— Dada amenituma nguo zake, alisema shemeji.

— Zote?

— Zote.

Dereva akabaki amesimama. Shemeji hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililouma. Aligeuka akatazama barabara.

— Hapa ndipo?

— Ndipo.

— Lilizidiwa kwa kiasi gani?

Dereva akainua mkono wenye grisi, akabananisha vidole viwili.

Shemeji alivitazama vile vidole, akaenda akakanyaga kigongo kwa kisigino. Kipande cha udongo kikamomonyoka. Akawatazama wanaume wanne na benchi lao.

— Kwani mtaa huu hauna jembe?

Injinia aliangalia juu. Faili akaangalia getini, wenzake wakafuata macho yake, na Dereva akawa wa mwisho kugeuka. Jembe lilikuwa limeegemezwa pale ukutani, na udongo wa jana bado umeganda kwenye makali. Miezi mitatu yote lilikuwa pale. Alilitumia kuitengenezea jeki mahali pazuri pa kukaa.

— Nguo ziko chumba gani? aliuliza shemeji.

— Cha mwisho, alisema Dereva. Kushoto.

Shemeji akapita kando ya jembe, akaingia ndani. Dereva hakumfuata. Alikaa tena benchini, mkono juu ya goti, vidole viwili bado vimebanana.

Mama Birika akaanza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo vilikuwa havijamalizwa, akimwaga chini kimoja baada ya kingine.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Akaliinua birika kuondoka, na wote wakalisikia lilivyojaa.