Yadi Mia Sita Kuvuka Korongo

Benchi la mbele ya duka la chakula cha mifugo la Harlan Creek, Montana, lina wenyewe. Kila asubuhi ya Novemba utamkuta Verlin, ambaye suruali zake zimetoboka kwa kutambaa nyuma ya kulungu hata wakamwita Goti; shemeji yake Orrin, maarufu kama Darubini; na Redio, ambaye hanyamazi. Siku hiyo Orrin ndiye aliyekuwa kitoweo chao. Jana jioni alifyatua risasi moja ng'ambo ya korongo, dume la kulungu likatimka, naye akarudi mikono mitupu. Aliwaambia amekosa. Hakuwaambia kwamba baada ya mlio alisikia kile kishindo kizito cha risasi kuingia mwilini, wala kwamba usiku kucha aligaagaa tu kitandani.

— Yadi mia sita, shemeji, — alisema Goti. — Huko si kuwinda, ni kutuma barua.

— Simu yangu inapiga hesabu ya upepo, baridi, mpaka mzunguko wa dunia.

— Dunia ikizunguka, — Redio akadakia, — kulungu si anazunguka nayo?

— Wewe kunywa kahawa yako.

— Mimi nasogea, — Goti akaendelea. — Mwaka juzi nilivua buti kwenye theluji, nikatambaa mpaka namsikia anatafuna.

— Ukapoteza kidole cha mguu.

— Kile kidogo tu. Nyama nilikula.

— Mnajisumbua nyote, — alisema Redio. — Kulungu wa huku wanahesabu magari. Yakipanda matatu yakashuka mawili, wanajua mmoja wenu kabaki. Mke wangu kawaona wamekaa kikao.

— Fiksi hiyo.

— Muulizeni.

— Mkeo mwenyewe hakuamini.

Lorna, mama aliyehamia mjini mwezi uliopita, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri gunia lake la chakula cha kuku.

— Samahani, jamani, — alisema, akimgeukia Orrin. — Yule wa jana, ulivuka ukaangalia pale aliposimama? Kama kuna damu?

Redio alishusha kikombe chake. Huku, ukifyatua unakwenda kuangalia, hata uwe na hakika gani kwamba umekosa. Hakuna asiyelijua hilo.

— Kushuka na kupanda ni saa mbili nzima, — alisema Orrin. — Na jua lilikuwa linazama.

— Sikuuliza ni mbali kiasi gani.

Orrin alimtazama shemeji yake, akitamani amcheke. Goti hakucheka, na aibu ikampanda Orrin mpaka masikioni.

— Sikwenda, — alisema. — Na nilisikia imempata.

Akamwaga kahawa, akatoa funguo za gari.

— Atakuwa kashaliwa na mbweha, — Redio alisema polepole.

— Hata nikikuta mifupa, naifunga kibali changu cha kuwinda, nihesabiwe nimeshaua. Ni kulungu mmoja kwa msimu, na huyo ndiye wangu.

Alipofungua mlango wa gari, Goti alikuwa keshakaa upande wa pili, anafunga kamba za buti.