Ubao wa Mama Yenu

Funga mlango, binti yangu, na wewe mkubwa keti, acha kuchungulia sebuleni. Najua mnunuzi wa picha yuko pale amekaa mkao wa kula, na najua umeshamwahidi ubao huu nilioulalia chini ya mto. Usibishe. Ninakufa, sijawa kiziwi.

Nisikilizeni wanangu, nisije nikarudia, maana hata pumzi naiomba. Zile picha za ukutani mnazijua tangu mnatambaa: wapakuzi wa mizigo, wafyatua tofali, kina mama wa kiwanda cha nguo wakisubiri kengele. Rafiki yangu Kidevu alizichonga kwenye mbao, mimi nikapaka wino na kuzungusha mashine, na kila picha ilitoka nakala thelathini tu, kila moja na namba yake kwa penseli chini, na sahihi ya Kidevu. Ya mwisho ikishakauka tulichukua patasi tukaukata ubao toka pembe hadi pembe, asitokee mtu wa kuchapa nyingine. Ndiyo maana zina thamani. Si uzuri peke yake. Tuliwaambia watu ni thelathini, zikawa thelathini.

Binti yangu, chukua wafyatua tofali, na usiwapanguse kwa kitambaa chenye maji kama ulivyowafanyia wapakuzi, mpaka leo yule wa kushoto hana pua. Kitinda mimba, kina mama wa kiwandani ni wako. Fundi wa fremu akitaka kupunguza karatasi ienee, mkatalie, namba iko pale ukingoni, ikikatwa unabaki na kalenda.

Umebaki ubao huu. Ni mama yenu, anapiga pasi kwa dobi, jasho linamtiririka, ana mimba yako wewe mkubwa. Nakala zake zilikwisha zamani, lakini Kidevu aligoma kumpitishia patasi. Akaniambia, "Shemeji yu hai, mimi siwezi. Siku akitangulia, utamkata wewe." Alitangulia mwaka jana. Kila nikishika patasi, vidole vinakwenda shavuni mwake. Nampapasa humu ubaoni, ndiyo, nampapasa, na msinitazame hivyo.

Sasa, mkubwa, huyo mnunuzi wako anataka kumchapa mama yako upya, atie namba za uongo na kuigiza sahihi ya marehemu Kidevu. Unasema nani atajua. Yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alijinyima akanunua ya kwake, kwa sababu nilimtazama machoni nikamwambia hazitazidi. Leo nimtie mchanga wa macho nikiwa kaburini? Nimekukasirikia, mwanangu, na naogopa kufa nikiwa hivi.

Najua mambo yako yamekwama. Picha zote zilizobaki ni zako, kauze, wenzako wasikununie. Ila huyu hauzwi.

Patasi iko chini ya kitanda. Hapana, binti, mwachie kaka yako. Yeye ndiye aliyeahidi, yeye ndiye atakata, nami nione kabla sijafumba macho. Weka ubao hapa mapajani kwangu. Anzia pembeni. Kandamiza, mti huu mgumu... Hivyo. Nausikia.

Mtanizika jirani naye, bila makelele. Na huyo wa sebuleni mwambieni nyumba ina mgonjwa, aende zake. Mkae pamoja, mtafutane, msisubiri misiba ndiyo mkumbukane. Mungu awafungulie milango. Radhi zangu mnazo, wote watatu... na wewe pia, mkubwa, usilie, mkono utateleza.

Mbona umekunja? Umemzunguka uso. Nimeona. Hata mimi ningemzunguka, baba, ndiyo maana nimekuachia wewe... Rudi pale. Nishike na mimi mkono. Pitisha taratibu... usimkwepe mama yako.