Vijiba vya Waridi

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na wiki moja ya utumishi, mhariri mkuu wa kitengo cha kamusi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri. Saa hiyo ameitaja mwenyewe. Kamati ya sherehe ilipendekeza saa nane, akajibu kwamba kazi inaisha saa tisa na nusu na yeye hajawahi kutoka mapema.

Humu ofisini tunamwita Bi Kadi, kwa sababu ya kadi ndogo nyeupe zinazokaa mfukoni mwake. Akisikia neno analolitaka, huchomoa kadi akaandika neno lenyewe, sentensi, siku na msemaji. Ameandika harusini, kwenye foleni ya benki, na mara moja katikati ya ugomvi wa mawifi zake wawili, ambao walipatana papo hapo ili wamgombeze yeye. Mumewe, fundi viatu, huwaambia wateja kwamba alimchumbia kwa maneno machache sana, akiogopa kunukuliwa.

Kanuni yake ni moja. Maana haiingii kamusini mpaka isikike kinywani mwa mtu ambaye hakuulizwa. Mtu ukimwuliza, husema Bi Kadi, hugeuka mwalimu, na mwalimu hasemi kama watu.

Kanuni hiyo aliipata kwa kuumia. Alipoajiriwa alipewa herufi P ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na neno prickle, ambalo ni mwiba mdogo. Alikuwa na miezi mitatu tu kazini. Akalitafsiri kwa neno moja: kijiba. Kama kijiti ni mti uliopunguzwa, kijiba ni mwiba uliopunguzwa, na sarufi ilikuwa upande wake kabisa. Wasomaji hawakuwa. Kamusi ilipotoka, chuo kimoja cha bustani kiliitumia kutafsiri kijitabu chake, na wakulima wakasoma kwamba waridi ni ua zuri ila lina kijiba, na kwamba mtunza bustani avae glavu kabla ya kukabiliana na vijiba vyake. Sasa, mtu yeyote anayesema Kiswahili anajua kijiba ni cha roho, yaani husuda na kinyongo. Barua ya mwalimu wa bustani ilikuwa na mstari mmoja. Aliuliza waridi linamwonea nani wivu.

Wengi wetu tungemsingizia mpiga chapa. Yeye alisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akaomba likizo ya siku mbili, akaenda kumwona mwalimu yule huko huko bustanini. Alirudi na plasta kwenye vidole vitatu, na elimu. Mwiba wa mlimau ni tawi lililogeuka, na ukiung'oa unaujeruhi mti. Mwiba wa waridi umeota kwenye ngozi tu ya mmea; ukiusukuma kwa kidole gumba unabanduka na kuacha alama ndogo. Huo wa pili ndio prickle. Toleo lililofuata liliandika hivyo, na kijiba kikarudishwa kwenye roho za watu.

Neno lenyewe halikumwachia. Lilikuwa na maana nyingine, na alizifuata moja moja. Ya miiba ya kalunguyeye ilikuwa rahisi. Vipele vya joto vinavyochomachoma, harara, alivipata kwa binti yake muuguzi, aliyekuwa akilalamika kwamba mtoto wake halali kwa harara. Ya ngozi kusisimka kwa hofu aliipata kwa dereva wa ofisi, aliyesimulia jinsi breki zilivyokataa mteremkoni mpaka malaika ya mikononi yakamsimama. Mpiga chapa alidhani ni habari za mbinguni, akaanza neno malaika kwa herufi kubwa. Tuliliwahi dakika za mwisho.

Miaka kumi na miwili iliyopita kiti cha mhariri mkuu kilibaki wazi. Waliokiomba walikuwa wawili, wote wa meza moja ya dirishani. Alipewa yeye. Mwenzake, aliyemtangulia kazini kwa mwaka mzima, hakumpa hongera. Aliendelea kumsalimia asubuhi, kumpitishia gundi na mkasi, na kukagua kazi yake kwa ukali ambao haukuwa wa lazima. Toleo la tatu lilipoandaliwa, mfano wa neno kijiba, upande wa Kiswahili, ulimfikia aukague: "Ana kijiba tangu mwenzake alipopandishwa cheo." Aliusoma mara tatu, hakuona kosa la lugha, akatia sahihi. Mwandishi wa wasifu huu anaijua vizuri sahihi hiyo, kwa kuwa ni yake.

Ikabaki maana moja ya prickle: lile jambo linaloyapata macho kabla ya machozi. Machozi yakilengalenga yameshafika, na Bi Kadi alitaka la kabla hayajafika. Mama wa chai aliwahi kusema macho yanamchonyota akimenya vitunguu. Bi Kadi aliikataa kadi hiyo, kwani kitunguu kinatoka nje na yeye alitaka kinachotoka ndani. Toleo la nne linakwenda mitamboni Jumatatu, siku tatu baada ya yeye kuondoka, na atakayempokea kiti ameshapendekeza maana hiyo ifutwe. Tangu Januari kadi tupu ilikuwa juu ya meza yake. Hakulalamika, lakini kila jioni aliigeuza kutazama nyuma, kana kwamba kuna mtu angekuwa ameandika kitu huko. Alilianza neno hilo kwa aibu na hakutaka kuliacha na pengo.

Jumanne hii alikuwa akitoa vitu droo kwa droo, na jirani wa meza akimsaidia kufunga maboksi. Katika droo ya herufi K jirani aliikuta kadi ya kijiba, ile yenye mfano ule wa cheo. Mahali pa msemaji palikuwa na mwandiko wa Bi Kadi: "Mimi mwenyewe, kama kiti angepewa yeye." Ndiyo kadi pekee tunayoijua ambayo msemaji wake ni yeye.

Kwa miaka kumi na miwili jirani yule aliamini kwamba amechekwa kamusini. Alisimama na kadi mkononi, akaona haya, na hili analiandika bila kupunguza.

"Hongera ya kile cheo, dada," alimwambia. "Ngoja kidogo, macho yananichonyota."

Bi Kadi hakumtazama usoni. Aliingiza mkono mfukoni.

Kadi hiyo imeshapelekwa kwa mpiga chapa. Ina neno, sentensi na siku. Mahali pa msemaji pameandikwa: "Jirani wa meza. Hakuulizwa."

Bi Kadi, asante kwa maneno yote uliyotusikiliza tukiyasema bila kujua, na kwa kutuvumilia wenye vijiba. Mumeo akupokee na kiti cha kivulini, na mawifi wagombane nawe ukiwa huna kadi. Nenda salama, upumzike vyema. Tutakukumbuka bila kuulizwa.