Historia ya Kaka Yetu, Aliyeandika Namba za Nyumba Zetu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi, tarehe 13 Agosti 2022, mtuvumilie kidogo, kwa kuwa historia ya marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Brashi, haitenganishiki na historia ya mtaa huu, na anayewasomea ni mdogo wake wa pekee, ambaye humu ndani atatajwa kama wengine, wala si kwa sifa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1951, akiwa kifungua mimba wa baba mfyatua matofali na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, ambako alisifiwa mwandiko na kusamehewa hesabu, na mwaka 1967 akaingia kwa fundi wa kuandika vibao, aliyemfundisha kuzuia pumzi mpaka herufi iishe. Tarehe 1 Agosti 1972 aliajiriwa katika karakana ya halmashauri, alikofanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, bila barua ya onyo hata moja, ukiacha ile ya kumwandikia mkurugenzi cheo chake mlangoni kwa rangi ya waridi, siku nyeupe ilipokwisha.

Viwanja vya mtaa huu viligawiwa mwaka 1978, mahali pakiwa vichaka na mashimo ya udongo wa matofali, reli ikipita katikati, na tukaahidiwa maji, ambayo yalifika baada ya miaka kumi na minne. Jumapili ya tarehe 11 Februari 1979 wakazi wa kwanza, saba pamoja na marehemu, walimwomba awaandikie namba za nyumba, naye akaziandika kwa kufuata nani alihamia kwanza, siyo kwa kufuata njia, hivyo mkunga akawa namba moja kule kilimani, fundi viatu namba mbili huku bondeni, marehemu mwenyewe namba sita ng'ambo ya reli, na mdogo wake namba saba upande huu, mkabala na namba tano. Kila aliyehamia baadaye alipewa namba iliyofuata, popote alipojenga, mpaka zikafika mia nne na kumi na mbili.

Namba zile zilituvimbisha vichwa, tusifichane. Wenye namba za chini walikaa mbele vikaoni, mwenyekiti hakuwahi kutoka juu ya hamsini, na binti wa namba mia tatu na kitu alipoolewa namba kumi na tisa, shangazi zake walitembea wiki nzima kama waliopandishwa vyeo. Wageni walipotea, sisi tukawacheka, kisha tukawasindikiza mpaka mlangoni, na huo ndio ulikuwa ukarimu wetu.

Tarehe 20 Desemba 1980 marehemu alimwoa mwalimu wa darasa la kwanza, shemeji yetu mpendwa, wakajaliwa watoto watatu, wa kike mwaka 1982 na 1985, na kitinda mimba wa kiume mwaka 1989. Walipendana bila kuficha, shemeji akimfuta rangi masikioni kila jioni huku akimgombeza, na yeye akigeuza sikio la pili kabla hajaambiwa.

Jumatatu, tarehe 17 Machi 2003, saa nane mchana, shemeji alianguka jikoni, binti mkubwa akapiga simu hospitali, akataja namba sita. Gari la wagonjwa liliingia upande huu, dereva akaiona namba tano, akaiona namba saba, akatafuta sita hapo jirani, akagonga mlango wa namba saba, ambao mwenyewe alikuwa kazini ghalani, akazunguka, akarudi, akagonga tena, na ilipotimia dakika ya arobaini akavushwa reli na muuza mkaa, akamkuta shemeji amekwisha kukata roho. Marehemu aliletewa habari akiwa juu ya ngazi, anaandika kibao cha duka la dawa, akashuka, akakiacha kibao kama kilivyo.

Siku ya arobaini baada ya maziko aliifuta sita ya nyumba yake, akaandika themanini na nane kwa kufuata njia, kisha akaanza kupita mlango kwa mlango, akiomba ukuta wa mtu kwa dakika kumi tu, bila kumtaja mkewe hata mara moja. Watu walimkatalia, wengine walimfungia geti, mkunga alilia ndipo akakubali, na namba kumi na nne alikubali kwa sharti la kuandikiwa pia mwaka aliohamia. Kazi ile ilimchukua miaka kumi na tatu, na kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimebadilishwa nyumba mia nne na kumi na moja.

Iliyobaki ni ya mdogo wake. Kila alipofika na kopo lake, huyu alimwambia kwamba yeye alifika hapa kabla ya barabara na hawezi leo kuitwa mia mbili thelathini na moja, wakacheka, wakanywa chai, marehemu akaondoka na rangi yake. Ukweli ni kwamba mdogo wake aliogopa, kwa kuwa kuifuta ile saba kungekuwa kukiri kwamba ndio mlango uliogongwa.

Tangu mwaka 2019 marehemu aliugua moyo, mikono ikaanza kutetemeka, akaacha brashi. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022, hali ilibadilika, simu ikapigwa, gari likafika baada ya dakika kumi na moja, na alipolazwa ndani yake alimuuliza binti yake kama dereva alipotea njia, akajibiwa kwamba hakupotea hata kidogo, akafumba macho. Alifariki hospitalini saa sita na robo mchana, ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa karakana, majirani wa pande zote mbili za reli, na dereva wa gari la wagonjwa aliyefika Jumanne, ambaye yuko hapa nasi, amesimama kule nyuma.

Jana asubuhi mdogo wake alichukua brashi ya marehemu, akaifuta saba, akaandika mia mbili thelathini na moja kwa mkono wake, namba zimepinda na rangi imechuruzika mpaka chini, na hakuna tena wa kuja kuzinyoosha.

Pumzika kwa amani, kaka. Ukuta ulikuwa wako tangu mwanzo.