Niliyeamini Ananicheka

Wapendwa, asanteni kwa nafasi hii ya ushuhuda. Naomba nishikilie kiti.

Binti yangu mnamjua. Nilikuja naye huku Guangzhou mwaka ule Hong Kong iliporudi China, akiwa na miaka minne. Nyumbani Mwanza hapakuwa na wa kumwachia. Tulipanga chumba hotelini, hapahapa mtaani Xiaobei. Kutwa nilizunguka naye soko la Shisanhang kutafuta nguo za biashara, nikirudi hoi, sauti za wenye maduka zikilia kichwani: "Meiyou, meiyou," hakuna, hakuna.

Sasa, mtoto huyu ukimgombeza anatabasamu. Ndugu zangu, nawaambia, lile tabasamu lilinichoma. Nikajisemea, huyu ananidharau. Nikampiga kibao; akazidi kutabasamu. Nikachukua mkanda. Nikaamini nimezaa mtoto mwenye kiburi, na nisipokivunja mapema kitanishinda.

Mchana mmoja akamwagia chai magauni ya sampuli. Nikamuuliza, "Umefanya nini?" Akatabasamu. Yaliyofuata sitayasimulia yote. Jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa, aliingia bila hodi akanishika mkono.

"Ananicheka!" nikapiga kelele. "Mwone, ananicheka!"

"Huyu hacheki, mwanangu," akasema. "Hebu mtazame miguu."

Nikatazama. Magoti yalikuwa yanagongana. Soksi zimelowa mkojo. Na juu kule meno yote nje, macho hapepesi. Alikuwa ananibembeleza. Hakujua njia nyingine ya kuniomba niache.

Mama yule alimwogesha, akarudi kukaa nami. Hakunitukana. Alisema, "Ukihisi moto unapanda, niletee mtoto kwanza, halafu ndiyo ukasirike." Nilimpelekea mara nyingi, kwa aibu. Mkanda niliutupa.

Lakini msinipigie makofi bado. Juzi tu, baada ya miaka yote hii, nilinyoosha mkono kumtoa uzi kwenye nywele. Akatabasamu vilevile. Nikarudisha mkono taratibu, nikaenda kulia bafuni.

Namshukuru mama yule. Si wa dini yetu, ila Mungu alimtuma. Nawashukuru nanyi akina dada mliokaa na binti yangu nilipokwenda mji wa Xintang kufuata jinzi za kuuza. Mzazi mwenzangu, ukiona mwanao anakufanyia makusudi, mwite mtu mwingine amtazame kabla hujanyanyua mkono. Macho yangu yalinidanganya, na aliyeumia ni yeye.

Mkiniombea, anzeni na yeye.